Picha zimejaa kila pahala, sasa utachaguaje programu ya kuzipanga

Mtu akishajaza simu, akajaza laptopu, akajaza na flashi mbili tatu, huuliza suali moja tu: programu gani nzuri ya kupangia picha? Na jibu anopewa huwa ni jina, mmoja atasema digiKam, mwengine Google Photos, mwengine Lightroom, kila mtu anataja anoitumia yeye. Jina peke yake halisaidii, mana programu inomfaa mpiga picha za harusi wa Mjini mwenye kompyuta nzito haitomfaa mwalimu wa skuli kule Wete mwenye laptopu dhaifu ya RAM ya GB 4 na bando la kuhesabia. Kwa hiyo mie hapa sianzi na majina, majina yatakuja huko mbele, naanza na namna ya kuchagua. Na kuna jambo moja ntalirejea mpaka mnichoke: ukitaka kuichagua programu tizama kwanza utatokaje, siyo utaingiaje. Siku programu hiyo ikifa, au ikaanza kutaka pesa usizokuwa nazo, au laptopu ikaibiwa, yale majina na tarehe na maelezo ulokaa usiku ukayaandika yatabaki na picha au yatakwenda nayo?

Wala siwatishi. Picasa mnaikumbuka, ile programu ya kupangia picha, ilikuwa kila kompyuta ukifungua iko, Google waliinunua 2004 na 2016 wakaifunga. Apple walikuwa na Aperture, 2014 wakatangaza kwamba haiendelei tena. Adobe walikuwa wakiuza Lightroom ya kununua mara moja ukamaliza, ya mwisho ikawa toleo la 6 la mwaka 2015, tokea hapo ni kulipa kila mwezi. Hayo ni makampuni makubwa kweli kweli, na bado. Sasa pima na Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Ranchhod Oza aliifungua 1930, na picha za karatasi za zama hizo bado unaweza kuzishika mkononi ukazitizama bila ya programu wala paswedi. Picha zako za leo nazo zinatakiwa ziishi kuliko programu, basi hilo ndo la kulipigia hesabu.

HATUA YA 1: KUSANYA KWANZA, USIPANGE

Huwezi kuchagua programu hujui unapanga nini. Nunua diski moja ya nje, fungua folda iite ZOTE, halafu kopi humo kila kitu. Simu yako, simu mbovu ilokaa kwenye droo, memori kadi, flashi, zile sidi za harusi za miaka ya 2000 (hizi zifanye mwanzo, sidi za kuchoma kwa unyevu wetu huu na chumvi hii zinakufa polepole na huambiwi), picha zilizoko kwenye barua pepe, picha za WhatsApp. Nimesema kopi, sikusema hamisha, za asili ziache zilipo mpaka mwisho kabisa.

Halafu tizama mambo matatu tu: jumla ni ngapi, jumla ni GB ngapi, na ni aina gani. JPEG zinafunguka popote. Za iPhone kuanzia iOS 11 ya mwaka 2017 mara nyingi ni HEIC, na laptopu za zamani hazizifungui bila ya kuongezewa kitu. Za kamera kubwa zinaweza kuwa RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoichukua, ambazo moja tu inafika MB 25 au zaidi. Na video, watu huzisahau video, halafu programu alochagua mtu inazitizama kama hazipo.

Za WhatsApp zina shida yake peke yake. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na inavuliwa taarifa zake za ndani, yaani tarehe ya kupigwa, kamera, na pahala. Unabaki na jina la faili kama IMG-20190612-WA0003 na hiyo tarehe hapo ni ya siku ulopokea, siyo siku ilopigwa. Kwa hiyo picha ya babu ya 1970 ikirushwa kwenye grupu la ukoo mwaka 2019 itajipanga 2019 na hakuna programu duniani itakayojua kama si kweli. Kama ndugu yako yuko Muscat au London na anazo za asili, mwambie azitume kama dokumenti, hapo hapo kwenye WhatsApp, zitakuja nzima nzima na tarehe zake. Au asubiri akija likizo alete flashi, bora zaidi.

HATUA YA 2: JIULIZE UTAKUWA UNATAFUTA NINI

Hapa ndo watu hupita mbio na ndo penyewe. Kaa na karatasi andika masuali kama kumi ambayo kweli utakuja kuyauliza. Siyo ya kubuni, yale ambayo bi mkubwa huja akakuuliza: nitafutie picha za bibi zote. Nitafutie zile tulopiga Forodhani Idd ile Mwanakheri alipokuwa na mimba. Ile picha Beit el Ajaib bado nzima. Picha za mchezo wa ng'ombe Pemba ule mwaka tulokwenda na wageni.

Sasa yatizame moja moja. Beit el Ajaib ni rahisi, jengo liliporomoka upande tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo kila picha ya kabla ya siku hiyo ndo hizo, tarehe inatosha na mnara utauona mwenyewe. Lakini Idd haitafutiki kwa mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo Idd el Fitr ilikuwa Septemba 2010, Julai 2015, Mei 2020, Aprili 2024, na programu ilotengenezwa huko Ulaya ambayo inajivunia kukupangia sikukuu zako haitokupangia hii. Inataka tagi, yaani neno la kutafutia unaloliambatisha na picha. Ukiandika tagi Idd kwenye kila picha ya Idd basi unazipata za miaka ishirini kwa mpigo mmoja.

Na bibi naye haji kwa tarehe, anataka jina. Majina ya kwetu yana mtihani wake, ukoo mmoja una kina Fatma sita na kina Salum wanne, ukiandika Fatma tu utakuja kulia. Andika majina matatu kama ya kwenye kitambulisho, na kama watu hawamjui kwa jina hilo ongeza na la nyumbani. Na uamue tahajia moja tokea siku ya kwanza, Khamis, Hamis na Hamisi kwa kompyuta ni watu watatu. Programu nzuri ukianza kuandika jina inakuletea uloyaandika kabla uchague, hiyo itie kwenye orodha ya unavyovitaka.

Ukimaliza karatasi yako tizama: kama masuali yote ni ya tarehe na shughuli tu, basi ukweli ni kwamba huhitaji programu. Fanya folda ziitwe kwa mwaka kwanza, kama 2024-04-10 Idd Kikwajuni, mwaka ukiwa mbele kompyuta yoyote inajipanga yenyewe, na imekwisha, unaweza kwenda kulala. Wengi hawaambiwi hivi mana wenye kuandika haya mambo wanataka upakue kitu.

HATUA YA 3: ZITAKAA WAPI, DISKI AU KLAUDI

Piga hesabu kabla ya kusikiliza maneno. Kwenye klaudi, yaani kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti, Google wanatoa GB 15 za bure na humo ndani mna Gmail na Drive vilevile, zile siku za bure bila ya kikomo zilikwisha tarehe 1 Juni 2021. Picha ya simu ikiwa MB 4, GB 15 ni kama picha 3,750 kama hakuna kitu chengine chochote. Apple wao bure ni GB 5. Harusi moja ya picha 1,500 za RAW za MB 25 ni GB 37 na nusu, hapo hujagusa video. Na kupandisha pia kuna muda wake, intaneti inopandisha Mbps 2 itachukua karibu saa 17 kupandisha hizo GB 15, bila ya kukatika, na nyie mnajua kama kutokukatika ni ndoto.

Diski nayo ina yake. Joto, unyevu, chumvi, mwizi, mtoto kaivuta waya. Na umeme. Waliokuwepo Unguja mwisho wa 2009 hawana haja ya kusimuliwa, waya wa chini ya bahari kutoka bara uligoma Disemba na umeme ukarudi Machi 2010. Sasa hivi si hivyo, lakini ule wa kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja tunao, na programu ikiwa katikati ya kuandika kwenye kumbukumbu yake, yaani lile faili inamoweka tagi na majina uloyaandika, na betri ya laptopu imekufa, faili hilo linaweza kuharibika. Kwa hiyo suali la kuuliza ni hili: hii programu ina njia ya kufanya bakapu ya kumbukumbu yake yenyewe? Kama haina, iache.

Kisha kuna jambo ambalo mapitio ya programu hayalisemi, na kwetu ndo la mwanzo. Picha za ndani. Shughuli za wanawake, siku ya singo, siku ya hina, ukumbi wa wanawake peke yao watu wamevua mabuibui wamejipamba. Hizo picha zina haki ya watu ndani yake. Ukiwa na simu ambayo kila ukipiga picha inaruka yenyewe kwenda klaudi, na akaunti hiyo iko pia kwenye tableti ya watoto na kwenye televisheni ya sebuleni inoonesha picha moja moja kama mapambo, basi siku moja mashemeji wamekaa wanakunywa kahawa watamuona bi harusi. Wala hakuna aloiba kitu, ni setingi tu. Na albamu ya kushirikiana kwa linki, mwenye linki ndo mwenye ruhusa, linki ikishaingia kwenye grupu moja hujui imefika wapi.

Kwa hiyo kama unapiga au unaweka picha za namna hii, chagua programu inokaa kwenye kompyuta yako na haihitaji akaunti. Kama unataka na klaudi kwa mengine, basi picha za ndani zipe folda yake ambayo bakapu ya simu imezimwa, na diski yake iwe na paswedi. Madada wanaopiga picha kwenye kumbi wanalijua hili vizuri sana, mteja akisikia tu neno klaudi anaondoka, na mie naona ana haki.

HATUA YA 4: MASHINE YAKO

Hii haina maneno mengi. RAM 4 na diski ya kuzunguka, usiguse Lightroom wala kutambua sura kwa wingi. RAM 8 na SSD, yaani diski ya kasi isozunguka, karibu kila kitu kitakwenda. Kama huna kompyuta kabisa na kila kitu ni simu, uchaguzi wako ni mdogo, ni Google Photos au ile galari ya simu yenyewe, na juhudi yako yote ipeleke kwenye kuzitoa picha humo mara kwa mara ukazitia kwenye flashi au diski.

HATUA YA 5: SASA MAJINA

digiKam. Ya bure, inatengenezwa na watu wa KDE, jamii ya wanaotengeneza programu huria, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Ninachoipendea ni kwamba albamu zake ni folda zile zile za kwenye diski, haikuchukulii picha ikazificha kwenye sanduku lake, ukiifuta leo folda zako ziko vile vile. Inaandika tagi, maelezo, nyota na hata majina ya sura ndani ya picha yenyewe ukiiruhusu. Inatafuta picha zilizojirudia, hata zile zinazofanana tu na siyo sawasawa, na kwa mtu mwenye picha moja imekuja kutoka magrupu manne ya WhatsApp hii ni rehema. Ubaya wake menyu ni msitu, na mara ya kwanza ukiielekeza kwenye folda kubwa iwashe usiku ukalale, asubuhi utaikuta bado. Ukitaka kutambua sura inashusha faili nyengine nzito, kwa hiyo ifanye pahala penye Wi-Fi siyo kwa bando.

XnView MP. Ya bure kwa matumizi ya nyumbani, ukiitumia kwa biashara inataka leseni. Nyepesi, laptopu ya zamani inaibeba, inafungua aina za faili ambazo hata hujawahi kuzisikia. Ukiipa picha makundi inaweza kuyaweka kwenye kumbukumbu yake tu, kwa hiyo ingia kwenye setingi utafute pa kuiambia iandike na ndani ya faili. Usipofanya hivyo unafanya kazi ya bure.

Google Photos. Kwa kutafuta haina mpinzani, unaandika bahari inakuletea bahari, unaandika keki inakuletea keki, na hujaandika tagi hata moja. Inakusanya sura za watu wazima wakiwa wadogo ikazifananisha, mashaallah. Lakini ukirekebisha tarehe au ukaandika maelezo humo ndani, hayo yanakaa kwao. Ukija kutoa picha zako zote kwa njia yao ya Takeout, maelezo na tarehe ulizorekebisha zinakuja kwenye vifaili vidogo vya JSON pembeni ya picha, siyo ndani ya picha, na yale makundi ya sura ulokaa ukayapa majina hayaji kama makundi. Ukijaza GB 15 hata barua pepe zinagoma kuingia. Na akaunti isoguswa miaka 2 wanaweza kuifuta na vilivyomo, kwa hiyo ile akaunti ulomfungulia bibi ukamwekea picha zake halafu paswedi ikasahaulika, izindue leo. Mie naiona nzuri kama kopi ya pili na ya kutafutia haraka. Pahala pa pekee, hapana.

Lightroom Classic. Hii ni ya mwenye kupiga RAW kwa kazi, analipwa, na ana kadi ya kulipia kila mwezi. Kupanga na kusafisha rangi pamoja, kwa harusi ya picha elfu na zaidi hujapata kitu cha kuifikia. Ukiacha kulipa bado utaingia utaona picha na maneno yako na utaweza kuzitoa, ila sehemu ya kusafishia na ya ramani zinafungwa. Kuna sehemu kwenye setingi za katalogi, yaani daftari lake, ya kuiambia iandike mabadiliko kwenye XMP wakati wote, yaani maelezo yanayokaa ndani ya picha au pembeni yake, iwashe siku ya kwanza, mana ikiwa imezimwa kila kitu kiko kwenye faili moja la katalogi na hilo likiharibika ndo basi tena. Ile ya kukraki ambayo kila mtu ana rafiki wa kumuwekea, mie sikushauri, usimpe mtu usomjua kompyuta yenye picha za ndani za watu.

Photos ya Apple kwa wenye Mac na iPhone ni sawa, ila inazibeba picha ikaziweka kwenye maktaba yake, kwa hiyo jifunze mapema namna ya kuzitoa za asili pamoja na maneno yake. Na wale wa Immich, programu ya kujiwekea klaudi yako mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani, kitu kizuri lakini kinataka kompyuta iwake mchana na usiku, kama huna UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, na mtu wa kuiangalia ngoja kwanza.

HATUA YA 6: JARIBIO LA KUHAMA

Hii ndo hatua inoamua, na inachukua jioni moja tu. Usiingize picha zako zote. Tengeneza folda ndogo ya picha kama thelathini za mchanganyiko: za simu, za WhatsApp, ya kamera, ya karatasi uloskani, RAW kama unazo, video moja, na mbili zilizojirudia kwa makusudi. Chukua programu mbili ulizozipenda, na kila moja uifanyie kazi hiyo hiyo. Andika tagi Idd. Andika maelezo ya mstari mmoja. Ipe sura jina la mtu, majina matatu. Rekebisha tarehe ya picha moja. Ipe nyota.

Halafu funga programu, kopi folda hiyo kwenye flashi, nenda kwenye kompyuta nyengine kabisa isokuwa na programu hiyo, ifungue na programu nyengine. Hata Windows yenyewe bila ya kitu, bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia kwenye sifa zake (Properties), tizama kama tagi na nyota na tarehe zimekuja. Zikija, programu imeandika ndani ya picha, ni sawa na kuandika kwa penseli nyuma ya picha ya karatasi. Zisipokuja, imeandika kwenye daftari lake na daftari hukuliona.

Hapo ndo utaelewa zile herufi zinazotajwa tajwa. EXIF ni yale yanayoandikwa na kamera yenyewe, tarehe, saa, aina ya kamera, pengine na pahala. IPTC na XMP ni pa kuandika wewe, maelezo, maneno ya kutafutia, nani alopiga. Programu inoziheshimu hizi inasomeka na nyengine. Kwa RAW na video mara nyingi XMP inakaa kwenye kifaili cha pembeni chenye jina lile lile, kwa hiyo ukihamisha picha hamisha na mwenzake. Majina ya sura ndo yenye ugomvi zaidi, programu moja inaweza kuyaandika na nyengine isiyasome, kwa hiyo mie huyaandika na kwenye tagi za kawaida vilevile, kazi mara mbili lakini nalala.

Jaribu na hili: badilisha jina la folda nje ya programu, halafu irudie. Ikiijua folda yake upya, vizuri. Ikiwa imepotea na inakulilia picha hazionekani, ujue maisha yako yote utakuwa unafanya kila kitu kwa kupitia yeye.

HATUA YA 7: TAREHE ZILIZOKWENDA UPANDE

Kabla hujaamua tizama kama programu inaweza kusogeza tarehe za picha nyingi kwa mara moja. Utaihitaji, kwa sababu tatu. Moja, kamera ikitolewa betri muda mrefu saa yake inarudi mwanzo na harusi nzima inajiandika mwaka ambao bwana harusi alikuwa darasa la pili. Pili, saa zetu. Kuna kamera chungu nzima zimewekwa saa kwa Kiswahili, mtu kaona ni saa 2 asubuhi kaandika 02:00, kamera ikaamini ni usiku wa manane, na kila picha iko nyuma kwa saa 6, kwa hiyo harusi ya saa 4 za usiku inajiandika 16:00, na shughuli za asubuhi na mapema zinaingia kwenye saa za usiku ambazo hakuna mtu macho. Dawa yake ni kuzichagua zote na kuongeza saa 6, digiKam inafanya hivyo, Lightroom pia.

Tatu ni picha za karatasi. Ukiskani leo tarehe inakuwa ya leo. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kama picha ni ndogo, na upande wa nyuma uskani vilevile kama una maandishi au muhuri wa studio, mana huo ndo ushahidi wako wa mwaka na pahala. Kisha programu itakulazimisha uandike siku kamili wakati wewe unajua mwaka tu. Tia tarehe 1 Januari ya mwaka huo na uongeze tagi yako, mfano mwaka wa kukisia, ili kesho mtu asije akashikilia kwamba picha ilipigwa siku hiyo hasa. Na kazi ya kuuliza nani ni nani kwenye hizo picha usiingoje programu, bibi akiwa na nguvu za kutizama kaa naye hata kwa kuandika kwenye karatasi, programu utachagua mwezi ujao.

HATUA YA 8: UKISHAAMUA

Programu siyo bakapu. Kuziona picha zako nzuri zimejipanga kwenye kioo haina maana zipo pahala pengine. Weka kopi tatu: moja unayofanyia kazi, moja kwenye diski nyengine ndani ya nyumba, na moja nje ya nyumba hiyo, kwa dada yako Chake au kwenye klaudi kwa zile zinazoruhusika kwenda. Diski za akiba zitie kwenye kopo la plastiki linofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uziwashe kila baada ya miezi kadhaa utizame kama zinafunguka. Na ukibeba picha beba na kumbukumbu ya programu, kwa digiKam ni faili linaloitwa digikam4.db na wenzake, kwa Lightroom ni faili la lrcat.

Kisha usizipange zote kwa pamoja. Anza na mwaka huu, ukimaliza rudi mwaka jana, ukimaliza rudi nyuma. Za zamani zilobaki ziache kwenye ile folda ya ZOTE, hazendi popote, na huku picha mpya kila wiki zinaingia pahala pake moja kwa moja. Ukifika 2015 na WhatsApp zake, chukua na chai.